Kukoma hedhi: Si kila jasho la usiku ni malaria

MWANAMKE aliyevuka miaka 45 anapoamka usiku akiwa amelowa jasho, ni rahisi kudhani kwamba amepatwa na malaria na kukimbilia duka la dawa. Hata hivyo, huenda mwili wake umeanza safari ya kukoma hedhi, na dawa za malaria hazitamsaidia chochote.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo huo baada ya kupitisha miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama ujauzito au kunyonyesha. Kabla ya hapo siku huweza kupishana kwa miaka kadhaa, na mimba bado inaweza kutunga.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni kupungua kwa homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari. Homoni hiyo inaposhuka, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Ongezeko dogo la joto huichukulia kama joto kali, ikaamuru mishipa ya damu ya ngozi itanuke na jasho litoke. Ndipo uso, shingo na kifua huwaka na moyo kwenda mbio kwa dakika chache, kisha baridi hufuata.

Usingizi unapokatika kila usiku, uchovu, hasira za ghafla na usahaulifu huongezeka. Mume na watoto wasiofahamu kinachoendelea huweza kudhani kwamba mama amebadilika tabia.

Wenye dalili nyepesi hupata nafuu kwa kuvaa nguo za pamba, kulala penye hewa ya kutosha na kuepuka pombe, sigara na pilipili iwapo vinachochea joto. Wenye uzito mkubwa husaidika wakiupunguza. Mazoezi ya kutembea, pamoja na maziwa na dagaa, huimarisha mifupa, ambayo hudhoofika estrojeni inapopungua.

Dalili zikiwa kali, tiba yenye nguvu zaidi ni homoni. Mwaka 2002, utafiti mkubwa nchini Marekani ulizua hofu baada ya kuonyesha kuwa mchanganyiko wa homoni uliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Uchambuzi uliofuata umebaini kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hawajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida huzidi madhara.

Tiba hiyo haiwafai wote. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu kwa kawaida hushauriwa njia nyingine, zikiwamo dawa zisizo na homoni. Mwenye mfuko wa uzazi hapaswi kupewa estrojeni peke yake, kwa kuwa huweza kusababisha saratani ya mfuko huo.

Pamoja na hayo, jasho la usiku lisipuuzwe. Likiambatana na homa, kikohozi au kukonda, vipimo vya malaria na kifua kikuu ni vya lazima. Na damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hata kama ni tone, mwanamke amwone daktari bila kuchelewa, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani.