Nyota ya Mombasa

Katika miji ya mwambao, mtu aliyetaka kuijua nyota yake alimwendea mnajimu, akataja jina lake na jina la mamaye, na mnajimu akayaandika majina hayo kwa herufi za Kiarabu, akaipa kila herufi thamani yake ya abjadi, alifu moja, ba mbili, mim arubaini, hata zikesha zote, kisha akajumlisha, akagawa kwa kumi na mbili, na kilichosalia ndicho kilichomwonyesha buruji: moja ni Hamali, mbili ni Thauri, na kuendelea hivyo mpaka Hutu aliye wa mwisho, ambaye huhesabiwa pasipobaki kitu. Hesabu hii hufanyiwa watu, lakini sioni kizuizi cha kuufanyia mji, maadamu mji una jina. Na Mombasa hata kwa mama haikupungukiwa, kwani masimulizi ya wenyeji humtaja Mwana Mkisi, malkia wa kale, kuwa ndiye aliyeuasisi. Jina la mama tuliweke kando, hesabu isituchoshe.

Wapo waandishi waliouandika mji huu kwa mim, nun, ba, sin na ha: arubaini, hamsini, mbili, sitini na tano, jumla yake 157, na kwa kumi na mbili husalia moja. Buruji ni Hamali, na mtawala wa Hamali ni Mirihi, sayari ya damu na chuma. Katika safari ya Ibn Battuta, aliyelala hapa usiku mmoja mwaka 1331, jina linaishia kwa ya badala ya ha, jumla ikawa 162, na baki yake ni sita: Sumbula, milki ya Utaridi, mlinzi wa waandishi na wafanya biashara. Wa siku hizi huandika mim mbili, ba, alifu, sin na alifu, jumla 144, hakibaki kitu. Ni Hutu, yaani Samaki, chini ya Mushtari mwenye neema.

Mnajimu mwerevu hashindwi na lolote katika hayo. Ukimletea Hamali, atakuonyesha Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na damu iliyomwagika kwa ajili yake. Ukimletea Utaridi, atakukumbusha kwamba Ibn Battuta alikikuta kisiwa kisicholima nafaka, chakula chake kikiletwa kutoka bara, na kisiwa kisichojilisha hakina budi kununua na kuuza. Ukimletea Samaki, atacheka tu na kukuelekeza baharini. Angeweza hata kuwatia hesabuni Thenashara Taifa, wenyeji wa mji walio mataifa kumi na mbili, tisa na matatu, akadai kuwa kila taifa lina buruji yake, hilo sitamsaidia. Shaka yangu ndipo inapoanzia, maana hesabu inayobadili nyota kwa kubadilishwa herufi moja, na kila nyota ikauafiki mji, haijatuambia neno juu ya mji wenyewe ila kwamba tabia zake ni nyingi.

Lakini iko elimu nyingine ya nyota, ambayo wanavyuoni hawakuikemea kama walivyokemea utabiri, nayo ni falaki ya kibla, ya saa za sala na ya safari. Manahodha walijua manazili ishirini na nane za mwezi, na waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, kwa miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Na kwa kuwa mwaka huo haukuitia ile robo ya siku, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ya jua. Kwa miongo hiyo mtu alijua lini kaskazi itawaleta wageni wa Arabuni, wa Ghuba na wa Hindi, na lini kusi itawarudisha makwao. Mgeni aliyefika katika Desemba hakuwa na njia ya kuondoka mpaka upepo ugeuke, na katika kungoja huko alipanga nyumba, alikopesha na kukopa, na pengine alioa. Ukarimu wa Mombasa, na ule ujuzi wake wa kumpima mgeni kwa jicho moja, naona umetokana na kungojana huko kuliko na Mushtari.

Hata vita vilikuwa na majira yake. Almeida Mreno alitoka Kilwa, kusini, akauteketeza mji katika Agosti 1505, kusi ikivuma. Amir Ali Bey Mturuki alitoka Bahari ya Shamu, na jeshi la Wareno wa Goa likamfuata, nao wote walikutana hapa mapema mwaka 1589 wakisukumwa na kaskazi. Waomani wa Imamu Seif bin Sultan waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698 baada ya miezi thelathini na mitatu, kaskazi ikianza tena. Na merikebu za msaada kutoka Goa, zilizoletwa na upepo uo huo, zilifika siku chache baadaye zikaikuta bendera ya Omani juu ya kuta. Aliyetaka kujua lini Mirihi atabisha hodi Mombasa hakuhitaji abjadi; alihitaji kujua upepo unatoka wapi.

Meli za moshi ndizo zilizouvunja utawala huo wa upepo. Reli ilipoanza kutandikwa kutoka hapa mwaka 1896, shehena zake zililetwa na vyombo visivyoomba ruhusa ya upepo, na gati za Kilindini zikaipokonya Bandari ya Kale kazi iliyoifanya kwa karne nyingi. Hata hivyo wavuvi wangali wakihesabu siku za mwezi, kwa kuwa bamvua na maji mafu havikubadilika, na anayekwenda mwambani kutafuta pweza huuliza kwanza mwezi umefika siku ya ngapi.