Kwa Nini Watu wa Bima Hawaishiwi Hotuba za Hamasa

Ukiingia kwenye mkutano wa mawakala wa bima ya maisha, utaona jambo ambalo si rahisi kulikuta kwenye mkutano wa wahandisi au wafamasia. Mada za kodi, sheria na uwekezaji zipo, lakini jukwaa kubwa wanapewa wahamasishaji. Mpanda mlima, mwanariadha mstaafu, mtu aliyenusurika ajali, wakala aliyeanza na nauli ya kuazima: wote wanapanda kuwaambia watu wasikate tamaa. Wenzangu tunaosoma nao bima huwa wanacheka, wanasema jamaa wamegeuza taaluma kuwa mkutano wa injili. Mimi naona hotuba hizo zina sababu ya msingi kabisa, nayo iko kwenye namna wakala anavyolipwa.

Tuanzie hapo. Mawakala wengi wa bima ya maisha hawana mshahara kamili, wanaishi kwa kamisheni. Wakala akiuza, anapata sehemu ya ada anayolipa mteja. Kwa kawaida sehemu nono huja mwaka wa kwanza, kisha inapungua. Mteja akiacha kulipa mapema, mara nyingi kampuni huidai kamisheni irudi. Na bidhaa yenyewe si mchezo. Hakuna anayeamka na hamu ya bima ya maisha kama anavyoamka na hamu ya chapati. Inabidi umfanye mtu afikirie kifo chake, halafu atoe hela kila mwezi.

Chukua hesabu ya mfano tu. Wakala anaongea na watu 20, mmoja ananunua, kamisheni ni shilingi 60,000. Maana yake amesikia "hapana" mara 19. Karani akivunjika moyo Jumatatu, mshahara wake wa mwisho wa mwezi uko palepale. Wakala akivunjika moyo Jumatatu na asipige simu, mwezi huo anaweza kulala njaa. Yaani moyo wake ni kitendea kazi, kama pikipiki kwa bodaboda. Hotuba ni petroli.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1927, mawakala 32 walikutana Memphis, Marekani, kila mmoja akiwa ameuza bima ya maisha ya angalau dola milioni 1. Ndipo ilipozaliwa Million Dollar Round Table, yaani MDRT, chama ambacho hata huku kwetu mawakala hujivunia kuandika herufi zake kando ya majina yao. Mwaka 1940, Albert Gray wa kampuni ya Prudential alizungumza Philadelphia kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha kitaifa cha mawakala wa bima ya maisha. Hoja yake ilikuwa moja: waliofanikiwa wamejizoesha kufanya yale ambayo walioshindwa hawapendi kuyafanya. Akaongeza kwamba hata hao waliofanikiwa hawayapendi, ila wana lengo linalowasukuma. Hotuba ile ikachapwa kijitabu, ikasomwa hata na watu wasiouza bima kabisa. Mwaka 1956, mtangazaji wa redio wa Chicago, Earl Nightingale, ambaye pia alimiliki ofisi ya kuuza bima ya maisha, alirekodi mazungumzo ili wauzaji wake wayasikilize akiwa hayupo. Santuri ile ikauza zaidi ya nakala milioni 1. Kwa hiyo zile klipu za hamasa zinazojaa kwenye simu zetu, sehemu ya mizizi yake iko kwenye ofisi za bima.

Lakini hotuba hazifanani. Zipo za kupandisha mzuka, na zipo za kukupa kitu mkononi. Frank Bettger ni mfano mzuri kwa sababu alikuwa na zote mbili. Alicheza besiboli kama kazi, akaumia mkono, akaishia kuuza bima Philadelphia, na baadaye akazunguka miji ya Marekani akihutubia pamoja na Dale Carnegie. Wengi wanamkumbuka kwa mahubiri yake ya uchangamfu. Mimi namkumbuka kwa daftari lake. Aliandika kila safari ya kwenda kwa mteja, kisha akapiga hesabu: asilimia 70 ya mauzo yake yalikamilika kikao cha kwanza, 23 cha pili, na 7 tu kuanzia cha tatu. Kumbe nusu ya muda wake ulikuwa unaishia kwenye hiyo asilimia 7! Akaacha kuwafukuzia wa kikao cha tatu, muda huo akaupeleka kwa watu wapya. Hiyo ni hamasa yenye takwimu ndani yake.

Jukwaa lina tatizo moja, nalo tunalijua darasani. Anayepanda ni aliyepona. Walioacha kazi mwezi wa tatu hawaalikwi kuhutubia, kwa hiyo ukisikiliza wasemaji kumi utadhani njia ile huwatoa wote. Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kampuni ya bima ni bingwa wa kugawanya hatari: inakusanya maelfu ya watu ili hasara ya mmoja isimwangushe. Lakini wakala anayelipwa kamisheni pekee anabeba hatari ya kipato chake peke yake. Mwezi mbaya ni wake, nauli ni yake, vocha ni yake. Hapo hotuba inaweza kugeuka mbadala wa malipo: badala ya posho, unapewa ujasiri.

Nikiwa field, niliwahi kukaa siti za nyuma kwenye semina ya mawakala wapya, wengi wao wahitimu. Dada mmoja aliuliza, "Samahani, nauli ya kwenda kwa wateja analipa nani?" Msemaji akamjibu, "Dada yangu, usiulize nauli, uliza ndoto zako." Ukumbi ukapiga makofi. Dada akakaa chini bila jibu. Kwangu mimi, lile ndilo lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote siku ile.

Nayasema haya kwa sababu boom litakatika, tutaingia mtaani, na kazi ya uwakala ni kati ya milango inayofunguka haraka. Siwaambii muikimbie. Kuna familia zimesomesha watoto kwa sababu wakala fulani hakukata tamaa na baba yao. Ila kabla ya kusaini, uliza: kamisheni ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani, na ya pili? Mteja akiacha kulipa, nadaiwa nini? Kuna posho ya miezi ya mwanzo? Usajili wangu TIRA anaushughulikia nani na kwa gharama ya nani? Kati ya walioanza mwaka jana, wangapi bado wapo?

Ukijibiwa vizuri, kaa siti ya mbele, msikilize mhamasishaji kwa moyo wote. Hizo "hapana" 19 zitakuja kweli, na siku hiyo utamhitaji.