Mweka Hazina na Vazi Lisilo na Upindo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya fedha za kusanyiko, neno ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia mimbarani isipokuwa siku ya harambee.

Katika kanisa moja tulilowahi kulitumikia palikuwa na mzee aliyetunza sadaka kwa miaka mingi. Kila Jumapili baada ya ibada aliichukua nyumbani, akaihesabu peke yake kando ya taa, na Jumatatu akaipeleka kuweka akiba posta. Mwaka mmoja akaezeka nyumba yake kwa mabati mapya. Fedha za mabati zilitoka kwa kijana wake aliyekuwa kazini Mombasa, nasi tulijua hivyo. Lakini maneno yalianza kisimani, yakafika sokoni, na mwisho yakaingia kanisani. Mzee hakugombana na mtu. Alileta sanduku na daftari, akaviweka mezani mbele ya wazee wenzake, akaenda zake. Tulihesabu, haikupungua hata senti moja. Hata hivyo hakukubali tena kushika kazi ile, na kwa muda mrefu aliketi benchi la nyuma kabisa.

Neno hilo lilitusumbua sana. Hapakuwa na mwizi, na bado tulimpoteza mtu. Ndipo tukaanza kusoma jinsi Wayahudi wanavyotunza mali ya masinagogi yao, maana wao wameifanya kazi hiyo tangu kabla Kanisa halijakuwako. Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, kila walikotawanyika walipaswa kujiendeshea mambo yao wenyewe: nyumba ya sala, shule ya watoto, chakula cha maskini, makaburi. Hawakuwa na askofu wa kuwatumia fedha kutoka ng'ambo.

Kwanza tuanze na Musa. Katika Kutoka 38 twasoma hesabu ya dhahabu, fedha na shaba ya hema. Wengi wetu huruka sura hiyo. Kila mwanamume alitoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze, na walikuwa watu 603,550. Chukueni kalamu mkajaribu: jumla yake ni shekeli 301,775, yaani talanta 100 na shekeli 1,775, kama ilivyoandikwa pale pale. Talanta 100 zilifanya vitako 100. Walimu wa Kiyahudi wa zamani wana hadithi juu ya zile 1,775 zilizobaki. Wanasema watu walimteta Musa nyuma yake: tazameni shingo yake ilivyonenepa, anakula mali yetu. Musa akaahidi kutoa hesabu. Aliposimama kuitoa, akasahau shekeli 1,775 zilikwenda wapi, akashikwa na hofu. Kisha akainua macho akaziona: zilikuwa kulabu za nguzo, ndogo, zimefichika kwenye kazi. Hadithi hiyo haimo katika Biblia, wala hatuwaambii muiamini kama Maandiko. Lakini aliyeitunga alikuwa amewahi kushika sanduku la watu, hilo hatuna shaka nalo.

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliotimia karibu na mwaka 200, imeandikwa habari ya mtu aliyeingia chumba cha hazina ya Hekalu kutoa shekeli. Hakuruhusiwa kuvaa vazi lenye upindo, wala viatu, wala hirizi, wala kitu chochote ambamo sarafu yaweza kufichwa. Sababu wanayoitoa ni ya ajabu kidogo. Huenda mtu huyo baadaye akawa maskini, watu wakasema ameadhibiwa kwa kuiba hazina. Au akatajirika, wakasema ametajirika kwa hazina. Sheria hiyo inamlinda mweka hazina, siku atakayonunua mabati! Ndipo wanaongeza kwamba imempasa mtu kuwa safi mbele za wanadamu kama impasavyo kuwa safi mbele za Mungu, na wanataja Mithali 3:4. Basi fungueni 2 Wakorintho 8, mtaona Paulo akielekea neno lilo hilo anapoeleza kwa nini hakutaka kubeba peke yake mchango wa watakatifu wa Yerusalemu. Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli. Kanuni za wenye kutunza mali ya watu hazikuwa ngeni kwake.

Kila mji wa Wayahudi ulikuwa na mfuko wa maskini ulioitwa kupa. Kwetu neno hilo lasikika kama kitendo cha kutoa, lakini hiyo ni bahati tu. Kwao maana yake ni kikapu. Waliokusanya wasipungue wawili, na waliogawa wasipungue watatu, kwa sababu kugawa ni kama kuhukumu. Wakusanyaji hawakuruhusiwa kuachana njiani. Mmoja wao akiokota sarafu barabarani asiitie mfukoni mwake. Aitie katika mfuko wa maskini, akaitoe atakapofika nyumbani. Hata mdeni wake akimlipa sokoni, ni vivyo hivyo. Na ikiwa sarafu za maskini zahitaji kubadilishwa, abadilishane mtu mwingine, si yeye mwenyewe.

Je, hesabu yaulizwa? Hapa walimu wao walipima maneno kwa makini. Katika 2 Wafalme 12 kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Lakini wale waliowalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Basi, wakasema walimu, mweka hazina mwaminifu asidaiwe. Baadaye, katika karne ya 16, Rabi Moshe Isserles wa Kraków aliandika kwamba hata hivyo ni vema atoe hesabu mwenyewe. Twaona alikuwa na busara. Kumdai mtu hesabu kwaweza kumvunjia heshima. Yeye akiitoa kabla hajaulizwa, hakuna anayeaibika.

Mwaweza kuuliza mambo yanakwendaje leo. Hata Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, liko sinagogi. Sinagogi linaloshika sheria za zamani halipitishi kikapu cha sadaka siku ya Sabato, kwa maana siku hiyo fedha haziguswi, wala kuandika hakuruhusiwi. Washiriki hulipa ada ya mwaka, na makusanyiko mengi huwapunguzia wasio na uwezo. Anayeahidi mchango siku takatifu hulipa siku ya kazi. Mahali pengine hupewa kadi yenye pembe zilizotiwa alama za viwango, naye hukunja pembe moja badala ya kuandika.

Wasifikiriwe kuwa hawana matata. Sinagogi la Bevis Marks mjini London, lililofunguliwa mwaka 1701, lilikuwa na desturi ya kumtoza faini aliyechaguliwa kuwa msimamizi akakataa, kwa sababu kazi ilikuwa nzito na wengi waliikimbia. Mwaka 1813 walimchagua mwandishi Isaac D'Israeli, mtu aliyependa vitabu vyake kuliko mikutano. Akakataa. Wakamtoza pauni 40, akakataa kulipa. Mabishano yaliendelea mpaka mwaka 1817, alipojitoa, na watoto wake wakabatizwa katika kanisa la Uingereza. Mmoja wao, Benjamin, kijana wa miaka 12, ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1868 na tena mwaka 1874. Sisi twaona wazee wale walishika sheria sawasawa wakampoteza mtu, kama sisi tulivyompoteza wetu kwa kukosa sheria.

Kule kanisani kwetu tulikubaliana kwamba sadaka ihesabiwe na watu watatu, pale pale, kabla mtu hajatoka nje, na kila mwezi karatasi ya hesabu ibandikwe mlangoni. Karatasi ya kwanza ilipungukiwa shilingi 35. Tulikesha tukitafuta, kijasho chembamba kikitutoka. Mapema asubuhi yule mzee wa benchi la nyuma alipita, akaisoma karatasi polepole kwa kidole, kisha akatuita nje. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la sadaka, akionyesha kufuli jipya.

"Hili mlilinunua kwa nini?" akauliza.