Mwanamke Aliyepasuliwa Titi: Swala Yake na Kurejea Kwake Kazi Nzito

 

Anayefika Tarime au Serengeti mvua zinapoanza atawakuta kina mama shambani tangu alfajiri. Jembe la mkono, mzigo wa kuni, ndoo ya maji ya lita 20 kichwani (hizo ni kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe), na kwa baadhi yao upande wa Nyamongo, kuponda na kubeba mawe ya dhahabu. Kazi zote hizi ni za mikono na misuli ya kifua. Mwanamke wa kazi hizi akipasuliwa titi, sheria inamtazama vipi katika siku ambazo hawezi, na ni nani wa kumbebea mzigo wake?

Upasuaji wa titi unaojulikana zaidi vijijini ni wa saratani, na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Ule wa kukuza matiti kwa kuwekewa vifuko vya silikoni uko mbali na vijiji vyetu, lakini si jambo la nje ya nchi tu tena. Mwaka 2023 Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi na urembo.

Hukumu ya upasuaji wenyewe hatutairefusha. Suuratun-Nisaa, aya ya 119, inataja ahadi ya Iblisi ya kuwaamrisha watu wabadili umbile la Allah, na hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) katika Bukhari na Muslim inawalaani wanaojichanja na kutenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Upande wa pili, Arfaja bin As'ad (R.A.) alipoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Kwa msingi huo Baraza la Kimataifa la Fiq-hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbile na kuondoa kasoro, na likazuia ule wa kutafuta uzuri tu katika umbile lililo sawa. Aliyeondolewa titi kwa saratani kisha akatengenezewa jingine yuko na Arfaja. Aliyekuza titi zima kwa pambo hayuko naye.

Sasa ndipo lilipo suala ambalo maimamu huteleza. Je, huyu wa pili, akiwa kitandani na kidonda, ana rukhsa? Wapo wanaosema hana, kwa kuwa katika madh-hebu yetu ya Shafi msafiri aliyesafiri kwa ajili ya maasi hapunguzi swala. Kipimo hiki hakikukaa mahali pake. Imam an-Nawawi katika al-Majmu' ametaja mtu aliyeruka kutoka mahali pa juu bila haja yoyote, akavunjika mguu, akawa anaswali kwa kukaa, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hazilipi swala hizo. Kila hatua ya msafiri wa maasi ni maasi mapya. Aliyevunjika, kosa lake liliisha pale aliporuka. Kilichobaki ni mguu usioweza kusimama. Na mwenye kidonda cha kifua ni vivyo hivyo: toba ni baina yake na Mola wake, na kidonda kina hukumu ya kidonda.

Basi aswali awezavyo, kama alivyoelekezwa Imran bin Huswayn (R.A.): kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kusujudu kukibana kifua, aashirie, na ishara ya sijida iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Kunyanyua mikono katika takbira ni sunna. Asiivute mishono kwa ajili yake. Kifua si kiungo cha udhu, kwa hiyo bendeji ya kifuani si sababu ya kuacha kutawadha, na hili kina mama wengi hulikosea. Tatizo huja kwenye josho la wajibu: ataosha palipo pazima, atapaka maji juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Mashafi wanashurutisha bendeji iwe imefungwa juu ya twahara, la sivyo swala zilipwe. Lakini aliyefungwa akiwa kwenye nusu kaputi ataipata wapi twahara hiyo? Mahanafi na Wamaliki hawakuweka sharti hilo, na sisi hatuoni ubaya imamu akimwondolea mgonjwa uzito kwa kauli yao. Tukumbuke yule aliyepasuka kichwa safarini, wenzake wakamwambia hana rukhsa ya kutayamamu, akaoga akafa. Mtume (S.A.W.) aliwahesabu wale waliompa jibu kuwa ndio waliomuua.

Tuje kwenye kazi. Kazi ya kukaa mezani mara nyingi hurejewa baada ya wiki moja au mbili. Kubeba vizito na kusukuma hungoja wiki 4 hadi 6, na zaidi ikiwa kifuko kimewekwa chini ya msuli wa kifua, kwa sababu kila pigo la jembe huuvuta msuli huohuo. Aliyeondolewa tezi za kwapani mkono wake unaweza kuvimba hata miaka baadaye, basi huanza na mzigo mdogo na kuongeza taratibu. Wala asiufunge mkono kabisa, maana bega hukakamaa; afanye mazoezi aliyoelekezwa.

Mume naye aelewe. An-Nawawi katika Minhaj anasema mke akihitaji huduma kwa sababu ya maradhi, ni wajibu apatiwe wa kumhudumia. Ni kweli kitabu hichohicho hakimlazimishi mume dawa wala ujira wa tabibu, lakini wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Wahba az-Zuhayli, wameona tiba leo ni kama chakula. Basi ndoo ya maji ibebwe na mwingine, hata ikiwa ni mume mwenyewe.

Aliyeajiriwa na kutimiza miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Mwenye jembe lake na mponda mawe hawamo humo. Asiye na wa kumtazama anaingia katika fungu la mafakiri na masikini la zaka. Fiq-hi humnyima zaka mwenye uwezo wa kuchuma, na huyu kwa wiki hizo hana uwezo huo, ijapokuwa ndani ya buibui anaonekana mzima na kidonda chake hakionekani na mgawaji. Imamu asimhoji kidonda kiko wapi. Amuulize tu daktari amempa muda gani.

Wallahu a'lam.