Tarumbeta kwa Wanaoanza: Pumzi, Midomo na Majirani

Katika sherehe za Madaraka na Jamhuri, kwenye gwaride na katika bendi za makanisa, tarumbeta husikika kabla mpigaji hajaonekana. Wengi wa wanaoipiga mitaani kwetu si wanamuziki wa kuajiriwa. Ni walimu, madereva na wafanyabiashara wanaojifunza baada ya kazi. Huko Pwani, vikundi vya beni vya Lamu na Mombasa vilikuwa na desturi hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Umri si kizuizi. Kinachowakatisha tamaa wengi ni kuanza vibaya.

Sauti hutoka wapi?

Wengi hudhani ni nguvu za kifua. Ukweli ni kwamba sauti huanzia midomoni. Mpigaji hufumba midomo bila kuikaza mno, kisha hupitisha pumzi katikati yake hadi itetemeke. Mtetemo huo huingia katika bomba lililokunjwa, lenye urefu wa karibu mita 1.5, na kutoka ukiwa sauti kamili.

Vali tatu hurefusha njia ya hewa. Ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni moja na ya tatu kwa toni moja na nusu. Sauti nyingine hupatikana kwa kubadili mkazo wa midomo na kasi ya pumzi. Ndiyo maana vidole vitatu vinatosha kupiga wimbo mzima.

Usiibane midomo

Anayeanza akitaka sauti ya juu hukandamiza tarumbeta mdomoni. Sauti huenda ikatoka, lakini damu hupungua midomoni, misuli huchoka na majeraha hufuata. Hata Louis Armstrong wa Marekani, mpigaji mashuhuri aliyezaliwa mwaka wa 1901, aliumia midomo hadi akalazimika kuiweka tarumbeta kando kwa muda.

Kwa hivyo, dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumapili. Tumia dakika tano kupuliza kikombe cha mdomoni peke yake, dakika kumi kushikilia sauti ndefu za chini, na tano za mwisho kwa wimbo mwepesi. Pumzika kwa muda sawa na uliopiga. Midomo ikifa ganzi au ikivimba, acha hadi kesho.

Kununua na kusafisha

Ukinunua tarumbeta iliyotumika, bonyeza kila vali: inapaswa kurudi juu mara moja bila kukwama. Hakikisha mabomba ya kurekebisha sauti yanavutika na hakuna mahali hewa inapovuja.

Bendi nyingi hutumia ala kwa zamu. Ala iwe ya wote, lakini kila mpigaji awe na kikombe chake cha mdomoni, akioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Mwaga maji yanayokusanyika ndani kila baada ya mazoezi, na osha mabomba mara kwa mara. Madaktari wamewahi kugundua ugonjwa wa mapafu kwa wapigaji waliovuta kuvu na vijidudu vilivyoota ndani ya ala chafu. Kikohozi kisichoisha kipelekwe kituo cha afya.

Majirani nao

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, na pia la kusimamia shughuli za utamaduni. Mpigaji tarumbeta anaguswa na yote mawili. Chini ya kanuni za kitaifa za kelele za mwaka wa 2009, usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa katika makazi saa hizo ni cha chini zaidi.

Fanya mazoezi mchana au mapema jioni. Mwombe mwalimu mkuu au viongozi wa kanisa chumba kilicho mbali na nyumba. Ukilazimika kupigia nyumbani, tumia kizibo cha kupunguza sauti kinachotiwa katika mdomo mpana wa mbele. Zaidi ya yote, waarifu majirani saa zako na uzifuate. Jirani anayejua kwamba utanyamaza saa moja na nusu huvumilia mengi, na baada ya miezi michache huenda akawa wa kwanza kukuita umpigie harusini.