SGR itapita Malampaka. Mtu wa Bariadi ataipandaje?

Ukianza kuongelea SGR popote Tanzania, swali la kwanza litakuwa: "Inakimbia ngapi?" Jibu lake ni rahisi. Treni za abiria za reli hiyo zimepangiwa kufikia kilomita 160 kwa saa, na tangu mwaka 2024 watu wanaipanda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Wengi wamezoea kuiita "mchongoko" ile yenye pua ndefu.

Ila kwa msafiri wa Bariadi au Itilima, spidi siyo swali la kwanza. Yeye anataka kujua treni itasimama wapi, itasimama saa ngapi, na basi lake likipata pancha njiani itakuwaje. Makala hii inajaribu kupiga hesabu za maswali hayo. Usiogope, ni fizikia ya sekondari tu, pamoja na kugawanya na kuzidisha.

Kwanza, reli iko wapi na sisi tuko wapi

Mkoa wa Simiyu ulianza rasmi mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2. Reli inaugusa mkoa huu pembeni, upande wa magharibi, pale Malampaka katika wilaya ya Maswa. Ile reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo. SGR ya kipande cha Mwanza–Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela, Misungwi, tarehe 14 Juni 2021, nayo inafuata ukanda huohuo. Njia kuu ya kipande hicho ina kilomita 249.

Kutoka Bariadi mpaka mjini Maswa ni kama kilomita 50 za lami. Ukifika Maswa bado safari, maana Malampaka iko magharibi zaidi. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Simiyu safari ya treni itaanzia kwenye basi au Hiace, na itaishia humohumo. Mtu akikuambia treni itachukua saa kadhaa mpaka Dodoma, muulize: kuanzia mlangoni kwa nani?

Tuwe wakweli pia. Anayetoka Bariadi kwenda Mwanza ana barabara ya lami kupitia Lamadi, na treni itapata shida kushindana na hiyo. Faida kubwa ya treni kwa Simiyu iko kwenye safari ndefu za kwenda Tabora, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Hapo ndipo mwanafunzi anaporudi chuoni, mgonjwa anapokwenda Muhimbili, na mfanyabiashara anapofuata mzigo Kariakoo.

Hesabu ya kwanza: spidi au ratiba?

Chukua Mwanza hadi Isaka, kilomita 249. Treni ikienda kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa, itatumia kama saa 2 na dakika 5. Tuseme kwa muujiza ikaenda 160 mwanzo mwisho bila kupunguza mwendo, itatumia saa 1 na dakika 33. Tofauti ni dakika 31 hivi.

Sasa tuangalie basi. Tuchukulie kwamba mara 1 katika kila safari 10, basi lako la kwenda stesheni linachelewa na treni inakuacha. Kama treni ni moja kwa siku, kuachwa kunakugharimu saa 24. Ukigawa hasara hiyo kwenye safari zote 10, kila safari inabeba wastani wa saa 2 na dakika 24. Treni zikiwa 4 kwa siku, zimeachana kwa saa 6, hasara ya wastani inashuka hadi dakika 36.

Yaani kuongeza treni tatu kunamwokolea msafiri saa 1 na dakika 48, zaidi ya mara tatu ya kile ambacho spidi ya kimuujiza ingempa. Namba ya "mara 1 kati ya 10" nimeichagua mimi ili hesabu iende. Weka yako, lakini utaona mwelekeo haubadiliki kirahisi. Kadiri treni zinavyokuwa chache, ndivyo kuachwa kunavyouma.

Hesabu ya pili: kusimama Malampaka kunagharimu nini?

Hoja inayosikika sana ni kwamba treni ya haraka ikisimama kwenye vituo vidogo inapoteza uharaka wake. Ni kweli, inapoteza. Lakini kiasi gani?

Kilomita 160 kwa saa ni sawa na mita 44.4 kwa sekunde. Tuchukulie treni ya umeme inaongeza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde, kila sekunde. Itahitaji sekunde 89 kufikia spidi yake, na kama sekunde 89 nyingine za kufunga breki mpaka isimame. Katika vipindi hivyo viwili treni bado inatembea, kwa wastani wa nusu ya spidi yake. Kwa hiyo muda unaopotea kweli ni nusu ya sekunde 178, yaani sekunde 89, sawa na dakika moja na nusu. Ongeza dakika 2 za kupanda na kushuka, unapata dakika 3 na nusu kwa kituo kimoja.

Treni moja ya mchongoko ina viti 589. Ikijaa, abiria 589 wakipoteza dakika 3 na nusu kila mmoja, jumla ni kama saa 34 za watu. Upande wa pili, tuseme kila anayepanda au kushuka Malampaka anaokoa saa 2, kwa sababu hakulazimika kwenda mpaka Shinyanga mjini. Wanahitajika watu wangapi kufidia saa 34? Watu 18. Wakiwa wanaokoa saa 1 tu, wanahitajika 35.

Watu 18 ni Hiace moja iliyojaa kwa staili yetu. Kwa hiyo hata treni ikiwa imejaa, kusimama Malampaka kunajilipa mapema sana kwa upande wa muda. Hii haimaanishi kila kituo kisimamiwe na kila treni. Inamaanisha kila kituo kipimwe kwa hesabu ya namna hii, badala ya kuamuliwa kwa hisia kwamba "treni ya haraka haisimami porini".

Hesabu ya tatu: njia moja, treni mbili

SGR yetu ni ya njia moja. Treni inayokwenda na inayokuja haziwezi kupishana popote. Lazima moja iingie kwenye njia ya kupishania, isubiri mwenzake apite. Ndiyo maana treni moja ikichelewa, ya upande wa pili nayo inachelewa, na abiria wanabaki wanaangalia mbuga dirishani bila kujua kinachoendelea.

Lakini hapa kuna kitu kizuri. Mahali pa kupishana panaweza kupangwa. Tuseme treni moja inaondoka Mwanza na nyingine Isaka kwa wakati mmoja, zote kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa. Zitakutana katikati, kwenye kilomita 124.5. Ukiichelewesha moja kwa dakika 1, mwenzake anakuwa ameshatangulia kilomita 2, na mahali pa kukutana panasogea kilomita 1. Ichelewesha dakika 10, panasogea kilomita 10. Yaani mpanga ratiba akiwa na saa na kalamu anaweza kuamua treni zikutane kwenye stesheni gani.

Basi zikutane Malampaka. Muda ambao ungepotea kwa kusubiriana porini utatumika kupandisha na kushusha abiria. Na kuna faida kubwa zaidi. Basi moja kutoka Bariadi linafika na watu wanaokwenda Tabora na Dodoma, linawashusha, kisha linawapakia waliorudi na treni ya upande wa pili. Linakwenda limejaa na kurudi limejaa. Kama treni hizo zingepita kwa kuachana saa tano, mwenye basi angelazimika kufanya safari mbili, kila moja ikiwa tupu upande mmoja. Mfanyabiashara gani wa basi atakubali hiyo?

Wengine walifanyaje?

Uswisi walianza ratiba ya namna hii nchi nzima mwaka 1982. Treni zinafika kwenye stesheni kubwa kwa pamoja, abiria wanabadilisha, kisha zinaondoka kwa pamoja, na mabasi ya vijijini yanafuata saa hizohizo. Mwaka 2004 walifungua njia mpya kati ya Mattstetten na Rothrist ili safari ya Zürich hadi Bern ishuke chini ya dakika 60. Kwa nini 60 na si 45? Kwa sababu treni ikitumia pungufu kidogo ya saa nzima, inawahi mkutano wa stesheni inayofuata. Kwao ratiba ilitangulia, na reli ikajengwa kuifuata.

Jirani zetu Kenya wanatupa somo jingine. Madaraka Express ilipozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, stesheni ya Nairobi ilijengwa Syokimau, nje kabisa ya katikati ya jiji. Ikabidi treni ndogo ziwaunganishe abiria na mjini. Mwaka 2019 huduma ikafika Suswa, sehemu yenye watu wachache kuliko miji ambayo reli ilitarajiwa kuihudumia. Reli nzuri iliyoishia mbali na watu inabaki kutegemea kile kinachowasubiri nje ya geti la stesheni.

Na reli ya zamani je?

Reli ya zamani ina upana wa mita 1 na SGR ina milimita 1,435, hivyo treni ya huku haiwezi kupita kule. Wengine wanaona mpya ikianza, ya zamani ibaki ya mizigo tu. Mimi naona kuna kazi nyingine. Dar es Salaam mwaka 2012 ilitumia reli hiyohiyo ya zamani kuanzisha treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza "treni ya Mwakyembe". Kati ya Mwanza na Shinyanga treni fupi, ya mabehewa machache, ingeweza kusimama kwenye vituo vidogo kama Bukwimba, Malya na Seke, na kuwapeleka abiria kwenye stesheni ambazo SGR inasimama. SGR ibebe safari ndefu, ya zamani ikusanye watu.

Treni ya usiku

Vipande vyote vya kati vikikamilika, Dar es Salaam hadi Malampaka itakuwa kama kilomita 1,100. Kwa wastani wa kilomita 110 kwa saa, hizo ni saa 10. Ukiondoka Dar saa 2 usiku, unafika Malampaka saa 12 asubuhi, na kabla ya saa 3 uko Bariadi umeshaanza shughuli zako. Kwa umbali huu, kukimbia zaidi kungekushusha stesheni saa 9 usiku, wakati hakuna hata bodaboda. Usiku mmoja kitandani unaokoa pia gharama ya gesti. Kweli behewa la vitanda linabeba watu wachache kuliko la viti, na nauli itakuwa juu. Ndiyo maana treni hiyohiyo inapaswa kuwa na viti pia, ili asiye na uwezo asiachwe.

Nani abebe hasara?

Yote haya yanaweza kuharibika kwa jambo moja dogo: tiketi. Leo ukikata tiketi ya basi na ya treni kando kando, basi likichelewa hasara ni yako peke yako. Ikiwa tiketi ni moja, Bariadi mpaka Dodoma, hasara inahamia kwa wanaotoa huduma. Watakupandisha treni inayofuata bila malipo mapya, na kwa sababu inawauma, wataanza kupigiana simu: "Basi la Bariadi liko Maswa, subirini dakika tano." Hiyo haihitaji zege wala mataruma. Inahitaji TRC, LATRA na wenye mabasi wakae meza moja.

Mwenye mashaka atasema abiria wa Simiyu hawatatosha. Inawezekana. Lakini hilo linapimika kwa bei nafuu: weka basi moja linaloungana na treni, uza tiketi moja kwa miezi sita, kisha hesabu vichwa. Tunajua tayari kwamba kwa kusimama tu, watu 18 wanatosha.

Kwa hiyo ratiba ya kwanza ya Mwanza–Isaka ikitoka, usianze na safu ya spidi. Tafuta jina la Malampaka. Angalia treni za pande zote mbili zinafika hapo saa ngapi, na kama zimekaribiana. Halafu ulizia stendi ya Bariadi kuna basi gani linaondoka kuwahi saa hizo.