Kifaa cha Sukari Kinapopotezana na Simu

Leo tunazungumzia kile kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Huenda umeletewa kimoja na mwanao aliye Mombasa au Arabuni.

Kifaa hiki hurusha majibu kwenye simu yako kwa mawimbi ya Bluetooth. Hakihitaji netiweki wala bando. Hata ukiwa shambani ng'ambo ya mto kitafanya kazi. Netiweki inatakikana tu ikiwa mwanao aliye mbali anataka kuyaona majibu hayo.

Lakini mawimbi haya ni dhaifu, na maji huyameza. Mwili wa binadamu umejaa maji. Ukiulalia mkono wenye kifaa, na simu iko upande wa pili, wewe mwenyewe ndiwe ukuta. Kifaa nacho hujisaidia. Bluetooth hurukaruka kutoka njia moja ya mawimbi hadi nyingine, na tangu mwaka 2003 imeweza kuepuka njia zenye msongamano. Simu ikiwa mbali kabisa, kifaa huendelea kupima. FreeStyle Libre 2, kwa mfano, huhifadhi majibu ya saa 8, nawe huyapata ukikipitishia simu.

Hatari iko hapa: majibu hungoja, kengele haingoji. Kengele ya sukari kushuka hulia tu simu na kifaa vikiwa vinawasiliana, na umbali wake ni kama mita 6 pasipo kizuizi. Umedunga insulini jioni, simu umeiacha dukani ichajiwe, sukari ikashuka saa tisa usiku. Hakuna kitakacholia. Utayaona asubuhi kwenye simu, kama utaamka.

Basi lala na simu karibu, upande ule ule wa mkono wenye kifaa, sauti ikiwa juu. Tena usikilalie: kikibanwa huweza kuonyesha sukari imeshuka na kumbe haijashuka. Kipimo cha kudunga kidole usikitupe, bado kina kazi.

Ukitokwa na jasho baridi, ukatetemeka au ukachanganyikiwa, usingoje simu iseme. Koroga sukari vijiko vya chai vitatu au vinne katika maji, unywe, kisha upime kidoleni baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, hata ikiwa ni kwa mtumbwi.